Maalim Shungi, Mwalimu wa Kindi

Ngano yaja!

— Na ije, tumeipisha njia.

Yaja na nani?

— Yaja na uongo wake.

Na ukweli je?

— Ukweli uko nyuma, unafunga kamba za viatu.

Basi tusiungojee. Kaeni vizuri. Fakihi, karanga hizo ni za kumenya, si za kula, nakuona. Na wewe Zamda, weka simu chini. Barua yako ya chuo naijua. Tangu juzi unaikunja na kuikunjua, niende, nisiende, miaka mitatu ya kufundishwa kuchora picha za michezo, na huku unasema yote yapo bure kwenye simu. Umekuja kuniuliza shangazi yako. Mimi jibu sina. Nina ngano tu, na ngano yenyewe haikunifurahisha nilipoisikia.

Hapo zamani wanyama walikuwa na simu. Msiniulize walizipata wapi, ngano ni yangu. Walikuwa na simu, na wote walikuwa wamelogwa na michezo yake. Twiga anacheza, Nyani anacheza, Ngiri anacheza na matope yake mwilini. Sasa picha za mchezo hazioti zenyewe kama uyoga. Lazima mmoja akae azichore: mti, jua, shujaa, adui wa shujaa, na mwendo wa kila mmoja wao. Ili picha itembee hatua moja tu, unachora picha kumi na mbili. Mguu huku, mguu kule, mguu huku, mguu kule.

Katika mti mmoja waliishi Kindi na Kobe. Kindi juu, Kobe chini. Wote wawili wachoraji. Kindi alichora kwa ncha ya mkia: chovya, paka, chovya, paka. Kobe alichora kwa ukucha: kwaru, kwaru, kwaru. Na Kindi alimshinda Kobe mbali sana. Kobe mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema hivyo.

Kulikuwa na chuo kule kivukoni mwa mto, na mwenye chuo alikuwa Bi Korongo, miguu mirefu, maneno machache. Siku moja akapita chini ya mti ule, akazitazama picha za Kindi, akazitazama za Kobe, akasema, "Nawapokea nyote. Misimu mitatu."

"Shikamoo, Bi Korongo," akasema Kindi. "Misimu mitatu tutakuwa tunafanya nini?"

"Marahaba. Msimu wa kwanza mtakaa kivukoni mtazame miguu."

"Miguu ya nani?"

"Ya wapitao. Nani anatanguliza upi."

"Na kuchora?"

"Msimu wa pili."

Kindi alicheka mpaka akalishika tawi. Akasema, "Bi Korongo, miguu ninayo minne hapa. Nitaitazama bure nikiwa nyumbani."

Bi Korongo hakukasirika. Alisema, "Nafasi yako nitakuwekea," akageuka akaenda zake. Kobe akaibeba nyumba yake mgongoni, akamfuata.

Mama yake Kindi alikuwa mlangoni mwa shimo lao la mti, amesikia yote. "Mwanangu," akasema, "nenda ukafundwe."

"Mama, nitajifunza mwenyewe. Kila kitu kipo kwenye simu."

Mama akanyamaza. Mpaka leo namlaumu mama yule. Angeongeza neno moja tu, lakini mtoto alikuwa hodari, na mtoto hodari humtisha hata mzazi wake.

Basi Kindi akajifunza. Simfichii sifa yake, alijifunza kweli. Asubuhi simu, mchana simu, chovya, paka. Akajifunza manyoya yanavyong'aa, akajifunza maji yanavyotetemeka, akajifunza vumbi linavyoruka kondoo wakipita. Msimu ulipokwisha, ukiigusa picha ya simba wake ulidhani utang'atwa. Lakini mwendo hakuna aliyemwambia autazame, na yeye hakujua kwamba hajui. Alipotaka mnyama wake atembee, alitazama miguu yake mwenyewe. Na Kindi huendaje? Ya mbele pamoja, ya nyuma pamoja. Chupu, chupu, chupu.

Akamchora swala: chupu, chupu. Akamchora punda: chupu, chupu. Akamchora tembo, jamani, tembo na uzito wake wote: chupu, chupu, chupu. Akaona vizuri, akafunga picha zake kwenye jani la mgomba, akaenda kutafuta kazi.

Kazi ilikuwa kwa Mamba. Mamba ndiye aliyekuwa na karakana ya michezo pale mto unapopinda, na nguvu alikuwa nazo, na tamaa alikuwa nayo kuliko nguvu. Sasa sikilizeni desturi ya nchi ile, maana bila desturi hii hakuna ngano. Kila fundi aliulizwa, "Umefundwa na nani?" Akimtaja mwalimu, kazi yake ilitoka na jina lake na jina la mwalimu wake, na hakuna wa kuliondoa. Hiyo moja. Ya pili: mwanafunzi wa mwenzako humsahihishi. Ukiona kosa lake unalimeza, unamtafuta mwalimu wake, unamwambia yeye faraghani. Ukimwambia mwanafunzi, umemtukana mwalimu. Mmeshika zote mbili? Haya.

Mamba akauliza, "Umefundwa na nani?"

"Nimejifundisha," akasema Kindi, kifua mbele.

Mamba akatabasamu, na Mamba akitabasamu meno hayaishi. "Karibu sana. Asiye na mwalimu, kazi yake ni yangu."

Kindi akachora msimu mzima. Chovya, paka, chovya, paka, mpaka ncha ya mkia ikaanza kunyonyoka. Mchezo ukatoka, wanyama wakaupokea kwa vigelegele, na chini yake pameandikwa jina moja kubwa: MAMBA. Kindi akampelekea mama yake simu. Mama akatazama, akapitisha kidole juu, akapitisha kidole chini.

"Mbona jina lako silioni, mwanangu?"

Kindi akaichukua simu yake. Alishuka mtini, chupu, chupu, mpaka karakana.

"Bwana Mamba," akasema, "nilikudanganya. Mwalimu ninaye."

"Nani?"

Na hapo, watoto wangu, Kindi alikuwa hajafikiria bado. Akatazama huku, akatazama kule, akauona mkia wake mwenyewe na shungi lake la manyoya. "Maalim Shungi," akasema.

"Simjui."

"Yeye anakujua."

Mamba akaacha kutafuna. "Ananijuaje?"

"Alisema, kuna mmoja mtoni, meno mengi, picha hajui hata moja. Akanikataza nisimtaje mbele yako, maana ukisikia habari zake utamtaka."

Basi Mamba hakulala mchana ule, na Mamba kulala mchana ndiyo kazi yake. Akawaza: mwanafunzi akiwa hivi, mwalimu yukoje? Nikimpata mwalimu, huyu mwenye mkia wa nini kwangu? Akamwita Kindi. "Maalim wako anakaa wapi?"

"Ng'ambo ya mbuga, Shimo la Saba. Lakini hampokei mwenye mali. Anayekwenda kwake huiacha mali yake mikononi mwa mwingine, mbele ya mashahidi."

"Basi nakuachia wewe karakana mpaka nirudi," akasema Mamba haraka, na mashahidi wakaitwa, Ngiri na Nyani, wakasikia kwa masikio yao. Mamba akatoka majini, akashika njia, kokoro, kokoro, kokoro, tumbo linakwaruza vumbi.

Akafika shimo la kwanza. "Hodi, Maalim." Kimya.

Akafika shimo la pili. "Hodi, Maalim." Kimya.

La tatu, kimya. La nne, kimya. La tano, la sita, kimya. Akafika shimo la saba, ambalo Kindi hakuwahi kuliona wala hakujua kama lipo. Nchi haikosi mashimo. "Hodi, Maalim." Kimya. Mamba akasema moyoni, huyu ni mkali, na mwalimu mkali ndiye mwalimu. Akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Akasukuma, kwatu! Akakwama. Mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki, nje umebaki mkia. Akaona kwamba huo ndio mtihani wenyewe, akatulia.

Kindi akawa mwenye karakana. Michezo ikatoka, na chini yake majina mawili: KINDI, MWANAFUNZI WA MAALIM SHUNGI. Mama akaona, akalia kwa furaha. Cheka, Fakihi, hapa ndipo mahali pa kucheka, hakuna pengine.

Misimu mitatu ikatimia, Kobe akarudi kutoka chuoni. Alikuta kila kiti cha karakana kina mtu. Kindi akampa kazi ya kupaka nyasi rangi ya kijani, ndiyo iliyokuwa imebaki. Siku ya kwanza Kobe akautazama mchezo, akamwona tembo anakwenda chupu, chupu, chupu. Akafungua kinywa.

"Ndugu yangu Kindi, mwalimu wako anakuja lini?"

"Hatoki shimoni kwake. Kwa nini?"

Kobe akafunga kinywa. "Nilitaka kumsalimu tu," akasema, akarudi kwenye nyasi zake. Alizipaka misimu miwili. Kila tembo alipopita kwenye mchezo, Kobe alitazama pembeni.

Hakuwa Kobe peke yake. Walikuja mafundi wa mbali, wakautazama mchezo, wakakunja uso kidogo, wakauliza, "Maalim Shungi yupo?" Wakiambiwa hayupo, walisifu manyoya, walisifu maji, wakaaga. Kindi aliona fahari. Alidhani wanamtamani mwalimu wake kama alivyomtamani Mamba.

Kisha akaja Bi Korongo mwenyewe. Kindi akamtandikia mkeka, shikamoo, marahaba. Bi Korongo akasema, "Nimekuja kuonana na Maalim wako."

"Amesafiri, Bi Korongo."

"Pole yangu. Kuna kosa kwenye kazi yako, kubwa, lipo kila mahali. Nilitaka nimwulize yeye kama ni kosa au ndivyo anavyofundisha."

Kindi akahisi mkia unakufa ganzi. "Niambie mimi."

"Wewe ni mwanafunzi wa mwenzangu."

"Niambie tu, Bi Korongo. Nitamfikishia."

"Siyo adabu," akasema Bi Korongo, na akasikitika kweli, maana alimpenda Kindi tangu siku ile ya kwanza chini ya mti. Akanywa maji aliyopewa, akaondoka.

Kindi akafungua picha zake zote. Akatazama manyoya, safi. Akatazama maji, safi. Akatazama jua, vumbi, majani, meno, safi, safi, safi. Mahali alipokosea alipita juu yake mara mia, kwa sababu kwake yeye ndivyo viumbe wanavyotembea. Siku tatu hakula. Ya nne akashuka akaenda kivukoni, akajificha kwenye matete, akatazama wapitao.

Akaja tembo na mwanawe. Mama tembo akaingia majini: di, di, di, di. Mguu, mguu, mguu, mguu, kila mmoja na zamu yake. Mtoto nyuma yake akakusanya miguu ya mbele, akakusanya ya nyuma, akajirusha: chu... pu! Akaanguka kwenye tope. Akainuka, akajirusha tena. Pu!

"Mwanangu," akasema mama, "tembea kama mimi."

"Wewe ndiye unayekosea, mama. Kwenye mchezo hatutembei hivyo."

Kindi aliyasikia maneno hayo kwenye matete, na nawaambia, hata Mamba angemmeza asingeumia vile. Akakumbuka msimu wa kwanza. Miguu ya wapitao, nani anatanguliza upi. Siku ile alicheka mpaka akalishika tawi.

Zamda, najua unataka kusema nini. Unataka kusema, basi si ameliona, alirekebishe? Alilirekebisha. Alirudi karakana akamchora tembo upya, picha kumi na mbili, mguu kwa mguu. Kobe akatazama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu arudi. Lakini Kindi hakutabasamu. Alikuwa akijiuliza, hili moja nimeliona, na mangapi sijayaona? Nani ataniambia, wakati nchi nzima nimeifunga mdomo?

Akaenda tena kivukoni. Hakuenda kwa mbwembwe. Alikwenda taratibu, na Bi Korongo akamwona anajaribu kuweka mguu mmoja mmoja, hata haya ikamshika.

"Bi Korongo, uliniwekea nafasi."

"Ipo. Kila msimu naiacha wazi. Wenzangu hunicheka."

"Naitaka."

"Una mwalimu."

"Sina. Nilimtunga. Hakuna Maalim Shungi, hakujawahi kuwa na Maalim Shungi, ni huu mkia wangu."

Bi Korongo akautazama mkia ule. Kisha akasema kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa mbaya, "Amekufundisha manyoya yale, amekufundisha maji yale, jina lake umelikalia misimu mitatu, leo nimekutajia kosa moja umemkana. Kesho utanikana mimi."

"Nasema kweli."

"Nenda kamwombe radhi. Akikuachia kwa kinywa chake, njoo. Nafasi ipo."

Fakihi anasema si angemtafuta mtu ajifanye Maalim Shungi. Aliwaza hivyo, ujanja ulikuwa haujamkimbia. Lakini akaona kwamba ataingia chuoni kwa uongo uleule uliomzuia kuingia, na Bi Korongo atakuwa anamfundisha mwanafunzi ambaye si yeye. Alikuwa amechoka, mwanangu. Wajanja nao huchoka.

Basi akashika njia ya mbugani. Shimo la kwanza, la pili, la tatu. Alikuwa hajui anakwenda kufanya nini, ila miguu ilikwenda. Alipofika la saba akaukuta mkia wa Mamba nje, umepauka kwa jua, ndege wameuzoea. Na kutoka ndani akasikia sauti ya Mamba, sauti ya chini, yenye heshima, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia mtoni.

"Ndiyo, Maalim," Mamba alisema. Akanyamaza kidogo, kama anayesikiliza. "Hapo nilikosea. Nimeelewa, Maalim. Nirudie tena?"

Kindi akasimama pale. Yule aliyedanganywa alikuwa na mwalimu. Yeye aliyedanganya hakuwa naye. Akasogea taratibu, akainama kwenye ufa mdogo uliobaki kati ya ukingo wa shimo na ubavu wa Mamba, akasema, "Hodi, Maalim."

Kimya.

Kindi akakaa chini, akakunja mkia, akangoja.

Sasa fundisho. Ngano haiondoki bila fundisho, hata kama fundisho lenyewe ni bovu. Fundisho ni hili: msisome, maana Kobe alisoma misimu mitatu na sasa anapaka nyasi. Na msijifundishe wenyewe, maana mmeona. Msiseme uongo, mwongo hafiki mbali, isipokuwa Kindi, aliyefika mbali na karakana akapewa. Na ukitaka mwalimu mzuri, ingia shimoni, kwama, utampata. Andika hayo, Zamda, yatakusaidia sana.

Unanitazama nini? Unataka kujua nami nilikwama wapi? Haya, nitasema, karanga zenyewe zimekwisha. Mimi nilikuwa na mkono wa kushona kofia kuliko mtu yeyote mtaa huu. Bi Mwanakheri, fundi mkubwa, aliniambia njoo, kiti chako nakuwekea. Nikasema ya nini, sindano ninayo. Watu walipouliza nani kanifunza, nilitaja jina la fundi wa mbali ambaye sikuwahi kumwona, ili kofia zangu ziheshimiwe. Zikaheshimiwa. Miaka thelathini. Na kuna kona moja ya kofia hainikai sawa mpaka leo, inajikunja, na kila fundi anayeishika anaitazama, ananitazama, halafu ananiuliza habari za nyumbani. Bi Mwanakheri alikufa mwaka wa mafua yale. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi mjukuu wangu ndiye huyo tu.

Nipe hiyo barua nikunyooshee, umeikunja kama sambusa. Siku ya mwisho ya kujibu ni lini? Ijumaa? Leo Jumatano. Mimi sikwambii kitu. Kalamu ipo juu ya kabati.

Ngano imepita!

— Ipite salama.

Na uongo wake?

— Umepita nayo.

Na ukweli je?

— Ndio huo unaingia, viatu mkononi.